Prosesa ya Mjomba, Ubao wa Baba Mdogo

Wiki jana jirani yangu aliniletea kompyuta yake, akilalamika kwamba inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Amehamia Mombasa juzi tu kutoka Voi, na nilipolifungua kasha, vumbi jekundu lilinimwagikia mapajani. Niliiwasha hivyo hivyo ili nisikie kelele inatoka wapi. Feni zilipoanza kuzunguka ikaja ile harufu: udongo mkavu uliopashwa moto juu ya chuma. Harufu hiyo hunirudisha kwenye likizo ndefu baada ya mtihani wa darasa la nane, na kinachorudi kwanza si furaha. Ni hasira, ile ya mtoto anayeona wazi kinachotakiwa kufanywa huku watu wazima wamemzunguka pande zote na hakuna anayekifanya.

Sisi wa umri huu tunaikumbuka likizo ile. Mtihani umeisha, vitabu umewagawia wadogo, shule ya bweni inakungoja Januari, na katikati kuna wiki tupu na joto linalofanya hata mabati yalie. Nilikuwa na nia moja tu: kuunda kompyuta yangu ya kuchezea gemu kabla sijaenda bweni. Sikutaka iliyoundwa tayari. Nilikuwa nimetazama video za waundaji kwenye simu ya Mama mpaka akawa anaificha kabatini nyuma ya sukari. Gemu niliyoitaka ilikuwa ya kuendesha lori. Nyumba yetu pale Voi haikuwa mbali na barabara kuu, na nilikua nikisikia malori yakibadilisha gia usiku kucha. Nilitaka siku moja niwe mimi ninayebadilisha.

Asiyewahi kuchagua vipande vya kompyuta anaweza kudhani ni kama kwenda sokoni, unachukua kimoja kimoja unachokipenda. Hapana. Kila kipande huomba ruhusa kwa mwenzake. Kuna prosesa, kigae kidogo kinachofanya hesabu zote. Hicho lazima kikae kwenye tundu la ubao mama, ule ubao mpana unaobeba kila kitu. Ubao nao lazima uenee ndani ya kasha. Kadi ya picha inataka umeme wa kutosha, na kifaa cha kugawa umeme kinataka nafasi. Ukibadilisha kimoja, unaanza upya. Nilichagua nikafuta, nikachagua nikafuta, nikalia mara moja kwa sababu ya feni. Lakini mwishowe nilikuwa na vipande vinavyoelewana, na nilivijua majina kama ninavyowajua binamu zangu.

Nilimweleza Baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa na subira ya kazi hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiki si kitu cha baba mmoja, Saru," akasema. "Tutakipeleka kwa watu."

Kwetu jambo kubwa hupelekwa kwa watu. Harusi ikija, mmoja husema mchele ni wangu, mwingine husema tenti ni yangu, na akishasema limekuwa lake. Hakuna anayemfuata kumuuliza ni mchele gani. Kumuuliza ni kama kumwambia humwamini. Na ukishapokea mchango wa mtu, umepokea. Haurudishwi ati haukukupendeza. Nilikuwa nimeuona utaratibu huo ukijenga nyumba na kusomesha watu. Sikuona kwa nini usiunde kompyuta.

Basi tukapanda milimani, Chawia kwa Nyanya, kulikokuwa na maombi ya shukrani kwa sababu ya mtihani wangu. Baada ya chai Baba alisimama akasema binti ana ombi. Nikasimama mbele ya ukoo mzima na sweta langu, ukungu ukiingia mlangoni, nikaeleza kipande kimoja baada ya kingine.

"Hiyo kompyuta itakusomesha?" akauliza Shangazi, dada yake Baba, ambaye alikuwa na kibanda cha nguo Taveta na sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mpaka.

"Itanifundisha mambo mengi, Shangazi."

"Kama kuua watu na bunduki?"

"Ni ya lori."

"Haya, lori sawa. Kasha ni langu. Na nitaleta la kung'aa, mtu akiingia kwenu ajue ameingia."

Mjomba Mwakio, kaka yake Mama, aliyefanya kazi Mombasa, akasema prosesa ni yake. Baba Mdogo Righa, mdogo wake Baba, fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge Mwatate, alikuwa amesimama nje dirishani. Akainua mkono kupitia dirisha. "Huo ubao mama ni wangu." Wazazi wangu wakachukua vilivyobaki. Nyanya akasema yeye ataifumia kitambaa cha kuifunika, kama alivyoifumia redio, na runinga, na jagi la maji. Nilijua kompyuta ikifunikwa itapata joto. Nikasema asante, Nyanya.

Jambo moja ambalo sikulitilia maanani siku hiyo ni lile dirisha. Zamani Mjomba na Baba Mdogo walikuwa marafiki wa kufa kuzikana. Kupitia urafiki wao ndipo wazazi wangu walipojuana. Walikuwa na pikapu moja ya kubeba ndizi kutoka Taveta. Siku moja injini iliungua barabarani kwa kukosa oili, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyesema ameiangalia. Tangu hapo walisalimiana tu, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mimi nilikuwa mdogo mno kuikumbuka pikapu. Nilichokijua ni kwamba Mjomba akiwa sebuleni, Baba Mdogo huwa uani akigeuza nyama. Nilidhani anapenda hewa.

Kila mmoja nilimwandikia ujumbe kwa simu ya Mama, jina kamili la kipande chake, herufi na tarakimu, nisije nikalaumiwa. Kisha nikaanza kungoja. Kasha la Shangazi lilikuja kwanza: kioo ubavuni, taa za feni zikibadilika rangi kama klabu. Kikafuata kifurushi cha prosesa, kilichotumwa kwa basi kutoka Mombasa, na humo ndani Mjomba alikuwa ameandika kwa kalamu: "Ile uliyotaja ni ya zamani. Nimekupa nzuri zaidi."

Nilikaa chini sakafuni. Acha nieleze kwa nini. Prosesa hutengenezwa na kampuni kubwa mbili, na kila moja ina tundu lake. Ile niliyoichagua ilikuwa na sindano ndogo za dhahabu tumboni, nyembamba kama nywele, zinazoingia kwenye matundu ya ubao. Hii ya Mjomba ilikuwa bapa, yenye nukta tu, ya kukaa juu ya ubao wenye sindano zake wenyewe. Ilikuwa nzuri kweli. Kuiona ilivyong'aa kulinizidishia uchungu. Siku chache baadaye ukaja ubao wa Baba Mdogo, ule ule niliomtajia, bila kosa hata la herufi moja, na kwenye tundu lake kulikuwa na vishimo vinavyongoja sindano ambazo hazikuwepo.

"Mpigie Mjomba umwambie," nikamwambia Mama.

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake ni mbaya?"

"Si mbaya. Haiingii."

"Kwa Mjomba wako hayo ni mamoja."

Nikaenda kwa Baba. "Basi Baba Mdogo abadilishe ubao."

Baba akavua miwani. "Righa ameleta kile ulichomwambia. Nimwambie abadilishe kwa sababu ya Mwakio? Mwakio, kati ya watu wote?" Akavaa miwani tena. "Subiri Krismasi. Watakuja wote. Labda kutapatikana njia."

Kwa hiyo nilisubiri. Niliweka kasha la Shangazi kwenye kona ya sebule, vipande vingine vyote ndani yake, na kila asubuhi nililipangusa vumbi jekundu. Wenzangu wa mtaani walikuja kutazama. "Saru, hii ni kabati ama?" "Saru, weka sukari basi, imekaa bure." Sikuwachekea. Nilikuwa na ubao mkono huu na prosesa mkono ule, vyote vipya, vyote vyangu, na havikuweza kunipa hata mlio.

Krismasi ilipofika, watu walitoka kanisani wakajaa kwetu. Nyanya alikuwa ameleta kitambaa chake cheupe chenye maua ya waridi. Alikitandika juu ya kasha, akakinyoosha pembe, akakaa. "Haya, mjukuu wangu. Iwashe tuione."

Nilimtazama Baba. Baba alitazama wali.

"Haiwezi kuwaka, Nyanya," nikasema. Mjomba alikuwa kwenye kochi. Baba Mdogo alikuwa mlangoni na uma wa nyama. Nilijua nisipoeleza vizuri nitamuaibisha mmoja wao, na nikaanza polepole, kama Baba akiwa darasani. Nikasema mnajua plagi ya miguu mitatu, na mnajua ile ya redio ya Nyanya ya miguu miwili ya mviringo. Zote zinaleta umeme. Hakuna iliyo mbaya. Lakini soketi ya hii si ya ile.

"Si unachomeka kalamu pale juu, ndiyo inaingia?" akasema Shangazi, na kila mtu akacheka, kwa sababu hakuna nyumba pale isiyokuwa na kalamu ya kazi hiyo.

"Hapa hakuna hata cha kulazimisha, ubao una vishimo na prosesa haina sindano za kuingia. Prosesa ya Mjomba ni nzuri sana. Ubao wa Baba Mdogo ni mzuri sana." Nilitafuta namna ya kumalizia bila kumuumiza mtu. "Ni vile tu haviwezi kukaa pamoja."

Kicheko kilikatika. Mama akainuka ghafla akasema nani anataka soda. Mjomba alitazama zulia. Nilipogeuka mlangoni Baba Mdogo hakuwepo, nikaona moshi wa jiko uani. Nilidhani nimeeleza vibaya. Usiku ule, na siku zilizofuata, nilirudia maneno yangu moja moja nikitafuta lilipo kosa, na sikuliona. Mfano wa plagi ulikuwa sahihi. Hata leo nikiwaeleza watu huutumia.

Hakuna aliyelizungumzia tena, ila usiku ule Baba Mdogo alirudi Mwatate na ubao wake, akisema anaenda kuutazama. Mwaka mpya ukaingia. Sanduku langu la bati likanunuliwa, jina langu likaandikwa kwa rangi nyeupe, Mama akaanza kushona nambari kwenye soksi. Ilikuwa imebaki Jumamosi na Jumapili tu niende bweni, na kasha limekaa konani chini ya maua ya waridi.

Jumamosi hiyo asubuhi, Baba Mdogo akatokea kutoka Mwatate bila kutarajiwa. Alikuwa na boksi chini ya kwapa.

"Nimefikiria," akasema bila kukaa. "Mwakio ni mtu wa Mombasa, anajua mambo mapya. Mimi nimeleta ubao mwingine, unaoshika ile yake. Usimwambie nimesema hivyo."

Nilimrukia shingoni. Nikakimbia kutafuta bisibisi. Kwenye tundu la ubao ule sindano za dhahabu zilikuwa zimesimama wima, safu kwa safu, kama shamba la mkonge ukilitazama kutoka mlimani. Nilifungua droo iliyokuwa na prosesa ya Mjomba. Haikuwemo.

"Mama! Prosesa iko wapi?"

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Uso wake ulinitangulia kujua. "Mjomba wako aliniambia nimtumie kwa basi juzi. Alisema ni siri, anataka kukushtua."

Mjomba alifika adhuhuri kwa gari lake, shati limemgandia mgongoni, akitabasamu mpaka masikioni. Alinipa kiboksi kwa mikono miwili. "Righa alileta kile ulichotaka. Mimi ndiye niliyejifanya mjuaji. Hii sasa ni ile yenyewe uliyoiandika. Ingia, mama, ifunge."

Niliifungua pale pale kwenye meza. Niliigeuza. Tumboni ilikuwa na sindano.

Niliweka ubao wa Baba Mdogo kando yake. Sindano huku, sindano kule. Mwanzo vilikuwa havishikani. Sasa vilikuwa vinachomana. Wanaume wale wawili walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa meza wakinitazama kwa hamu, nami nikasema kwa sauti ambayo Mama hakuwahi kunifundisha.

"Kwani nyinyi hamna simu?"

"Saru!" Mama akasema.

"Kila mmoja ana simu! Mjomba ana namba ya Baba Mdogo, Baba Mdogo ana namba ya Mjomba! Kupiga tu! Kusema tu, mimi nabadilisha, wewe tulia! Ni maneno mangapi hayo?"

"Saru, adabu!"

"Mwache," akasema Mjomba. Alikuwa ameinama juu ya meza. Alitazama ubao, akatazama prosesa, akamtazama Baba Mdogo. "Ulibadilisha?"

"Nilibadilisha," akasema Baba Mdogo. "Na wewe?"

"Na mimi."

"Kwa sababu yangu?"

Mjomba alijikuna shingo. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira na niliona wanapoteza muda. "Ule ubao wa kwanza uko wapi?" nikauliza. "Ukirudi ule, kila kitu kinaingia. Uko wapi?"

"Uko nyumbani Mwatate," akasema Baba Mdogo. "Sikuuuza."

"Basi nendeni!"

Wakaenda. Kwa kuwa gari lilikuwa la Mjomba na ufunguo wa nyumba ulikuwa wa Baba Mdogo, walilazimika kwenda wote wawili, na niliwaona wakiingia, mmoja akisubiri mwenzake afunge mlango. Kutoka kwetu mpaka Mwatate na kurudi si safari ya kumaliza mchana. Nilikaa kibarazani na bisibisi. Nilipiga hesabu ya dakika za kwenda, za kufungua mlango, za kurudi. Hesabu ikapita. Nikaongeza za kununua mafuta. Zikapita. Nilipomwambia Mama awapigie, akasema hatawapigia hata kidogo, na alisema kwa sauti ya ajabu, kama mtu aliyebeba mayai. Jua lilikuwa limeegemea milima ndipo waliporudi, wakinukia nyama choma. Walikuwa wamekaa kula! Mimi nangoja, wao wanakula. Nilichukua boksi mkononi mwa Baba Mdogo bila kusema asante.

Kesho yake baada ya kanisa tuliifunga. Baba alishika tochi. Prosesa ilizama kwenye vishimo vyake bila kulazimishwa, kwa uzito wake wenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba kifua changu kilishuka. Tulifunga kadi ya picha, tukafunga nyaya, tukaondoa kitambaa cha Nyanya kwa heshima na kukitandika juu ya skrini badala ya kasha. Nilibonyeza. Feni zikazunguka, taa za Shangazi zikawaka zambarau, buluu, kijani. Baba akapiga makofi. Gemu ilikuwa imejaa robo tatu ya kile kimstari cha kungojea, lori langu jekundu linaonekana nyuma yake, stima ikapotea mtaa mzima.

Sitaandika nilichosema. Niliweka paji la uso juu ya meza. Feni zilipungua polepole mpaka zikanyamaza, na katika ukimya huo ndipo niliposikia kwamba Mjomba na Baba Mdogo walikuwa wakizungumza. Walikuwa wameketi kwenye kochi moja, nyuma yangu, mchana kweupe, dirisha limefunguliwa lakini hakuna aliyekuwa nje. Walizungumza juu ya gari fulani, na barabara fulani kabla haijatiwa lami, na mtu aliyewauzia ndizi zilizooza. Nilishukuru kimoyomoyo kwamba wamebaki. Nilidhani wanangojea stima irudi waone gemu.

Ilirudi alasiri. Niliiwasha upya, kimstari kikajaa chote, na lori likatoka kwenye yadi. Nilikuwa na mchana uliobaki tu. Asubuhi yake sanduku la bati lingefungwa. Nilibadilisha gia ya kwanza maishani mwangu.

"Mjomba! Baba Mdogo! Tazameni, linatembea!"

"Subiri kidogo, mama," akasema mmoja wao. Hakuna aliyegeuka.

"Linatembea!"

"Tunakuja, tunakuja. Sasa Righa, yule askari alisema nini pale Maktau?"

Nilipandwa na hasira tena. Nikaongeza sauti ya injini mpaka mwisho, spika zikatetemeka. Nao wakaongeza zao.